"Cherish" si kupenda sana

Kuna sentensi ambayo sisi tunaofundisha Kiingereza huku Nyanda za Juu Kusini tunakutana nayo kila muhula, kwenye daftari la mwanafunzi huyu au yule: "I cherish ugali and beans." Mwandiko umetulia, herufi kubwa ipo mwanzoni, nukta ipo mwishoni, kitenzi kimekaa mahali pake. Bado inastahili mkasi, na mwanafunzi haelewi kwa nini. Kamusi imemwambia kwamba "cherish" ni kupenda sana, na yeye ugali kwa maharage anaupenda sana kweli. Hajadanganya. Amepewa tafsiri iliyo fupi kuliko neno lenyewe.

"Cherish" halipimi ukubwa wa pendo. Mtu hatoki kwenye "like" akapanda kwenye "love" kisha akafika kwenye "cherish" kama anayepanda ngazi. Ndani ya neno hili mna pendo, na mna mkono unaokishika kile kinachopendwa ili kisipotee. Mkono huo ndio unaosahaulika kwenye tafsiri. Ugali ukiliwa umekwisha, na kesho utasongwa mwingine. Hakuna mtu anayeuweka ndani ya sanduku, anaufunga kitambaa, anarudi kuutazama siku ya Jumapili. Kwa chakula, "I love ugali and beans" inatosha, tena inapendeza.

Darasani tunapima kwa maswali mawili. La kwanza: kikipotea, kitapatikana kingine kama hicho? La pili: unafanya nini ili kisipotee? Kama jibu la kwanza ni hapana, na la pili lina jibu la tendo, neno linafaa. Barua za bibi zinafaa. Picha pekee ya baba akiwa kijana inafaa. Urafiki wa miaka 20, uhuru wa mtu kujiamulia, mtoto, kumbukumbu ya siku fulani, vyote vinafaa. Sabuni, soda, timu ya mpira iliyoshinda jana na simu mpya ambayo mwakani itabadilishwa, havifai.

Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha kuliweka hili kichwani. Dakika kumi za kwanza kila mwanafunzi anaandika kwa Kiswahili vitu vitatu vya nyumbani kwao: kimoja cha kutumia kikaisha, kimoja anachokipenda, na kimoja ambacho nyumba ikishika moto angerudi ndani kukitoa. Dakika kumi zinazofuata anaandika sentensi moja ya Kiingereza kwa kila kitu, akitumia "use" kwa cha kwanza, "love" kwa cha pili, "cherish" kwa cha tatu. Hapo karibu nusu ya darasa huandika "I cherish my parents." Si kosa, ila haionyeshi kitu, kwa sababu hata asiyelijua neno angeweza kuiandika. Ndiyo maana dakika zinazobaki tunadai sentensi ya pili, yenye tendo ndani yake. Kwa mfano:

"I cherish my grandmother's kitenge. I wash it by hand and keep it in the tin trunk."

Kitenge hicho kimefuliwa mpaka maua yake ya bluu yamekuwa ya kijivu, kona moja imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na ukikipeleka soko la Mwanjelwa hakuna atakayekitolea hata hela ya nauli. Lakini kinafuliwa kwa mkono, kinaanikwa kivulini, kinarudishwa kwenye sanduku la bati. Sentensi ya pili ndiyo inayoithibitisha ya kwanza. Mwanafunzi akishindwa kuiandika, ajue kwamba alichokuwa anatafuta ni "love", na abadilishe.

Chanzo cha neno kinasaidia kuona kwa nini liko hivyo. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa, na katika karne ya 14 lilikuwa tayari kwenye maandishi ya Waingereza. Mzizi ni "cher" la Kifaransa, lililotokana na "carus" la Kilatini. Maneno hayo yote mawili yana sura mbili: kipenzi, na kitu cha bei kubwa. Kiingereza chenyewe kina "dear", ambalo mwanzoni mwa barua ni mpendwa na dukani ni ghali. Kiarabu nacho kina "ghali" la namna hiyo hiyo, la bei na la moyo, lakini lilipoingia kwenye Kiswahili upande wa bei ndio uliokaa zaidi.

Kitenzi chetu kilichobaki na sura zote mbili ni "kuthamini", kwa kuwa nacho kinatokana na neno la Kiarabu la bei. Mthamini anayekuja kupima shamba litakalopitiwa na barabara, ili mwenye shamba alipwe fidia, na mume anayemthamini mkewe, wote wanatumia kitenzi kimoja. Hapo ndipo tafsiri nyingi zinapoteleza. Mtafsiri akikuta "cherish" anaandika "thamini", akikuta "value" anaandika "thamini", akikuta "appreciate" anaandika "thamini", na msomaji wa Kiswahili hawezi tena kujua mwandishi alisema lipi. "Value" ndiyo ndugu wa mthamini: linapima, linalinganisha, linasema hiki kina faida. "Appreciate" linatambua wema uliotendwa na kushukuru. "Cherish" liliiacha bei siku nyingi. Kitenge cha bibi hakina bei, na bado hakuna wa kukigusa.

Kwa umbo na asili, jirani wa karibu kabisa ni "kuenzi". Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa nguvu na utukufu, mzizi ule ule uliotupa "laazizi" wa nyimbo za mapenzi. Kama "cher" ilivyozaa "cherish", ndivyo laazizi na kuenzi walivyo wa ukoo mmoja. Lakini matumizi yana nguvu kuliko asili. Nchini kwetu masikio yanalisikia neno hili zaidi tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, wakati kila mzungumzaji anasema tumuenzi Baba wa Taifa. Tumelizoea kwa marehemu, kwa mila na kwa historia. Kwenye mashairi ya pwani mpenzi aliye hai anaenziwa bila shida yoyote. Ila kijana wa Makambako akimwandikia mchumba wake "nakuenzi", yule binti anaweza kujiuliza kama anazungumziwa kama mtu aliyekwisha ondoka. Kwa aliye hai tunashauri maneno mengine, na tutayafikia.

Kuna maana ya zamani ambayo watu wa maeneo ya baridi wanaielewa haraka kuliko wengine. Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611 inatumia "cherish" mahali ambapo habari ni joto la mwili. Katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 2, mlezi anawafanyia "cherish" watoto wake, na neno la Kigiriki lililo chini yake ni la kupasha joto. Katika Waefeso 5:29, kuhusu mtu na mwili wake, Kiingereza kinasema "nourisheth and cherisheth", na Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka inasema "huulisha na kuutunza". Mfalme Daudi alipozeeka mpaka nguo walizomfunika hazikumtia joto, Abishagi aliletwa amtunze, na Kiingereza cha mwaka 1611 kinatumia kitenzi hiki hiki. "Kutunza" limebeba kazi vizuri, ila joto limebaki nje.

Kwa mwanafunzi wa Makete au Njombe, joto hilo ni rahisi kulirudisha. Asubuhi ya Julai, umande umeganda kwenye majani ya viazi, kuku ametotoa vifaranga kwenye kona ya jiko na ametandaza mbawa mpaka zinagusa sakafu. Ukimkaribia anavimba. Vifaranga huvioni, unasikia sauti tu chini yake. Tunawaambia wanafunzi: muandikie huyo kuku sentensi. Wengi wanaanza na "love", kisha wanalifuta wenyewe, kwa sababu kinachoonekana pale ni mbawa. Tafsiri ya Kigiriki ya Kumbukumbu la Torati 22:6, panapotajwa ndege aliyelalia makinda yake, inatumia neno lile lile la kupasha joto. Kwa Kiswahili kitenzi chake ni "kuatamia", na ingawa hakuna atakayemwambia mtu "nakuatamia", ni vizuri mtafsiri akawa nacho kichwani anapotafuta neno.

Basi tafsiri inafuata kitu kinachopendwa. Hakuna neno moja la Kiswahili litakalotosha kila mahali, na anayelitafuta atapoteza muda. Kama ni mtu aliye hai, hasa mtoto, tumia "kumlea kwa upendo", "kumtunza" au "kumjali", au useme ni mboni ya jicho. Jihadhari na "kumdekeza", kwa sababu hilo linaharibu mtoto. Kama ni kitu, "kukitunza kama tunu" inakaa vizuri sana, na "tunu" ni neno linalostahili kutumiwa zaidi ya tunavyolitumia. Kama ni haki, uhuru au amani, "kuthamini" linafaa, lakini liongezewe "kulinda", maana amani inayothaminiwa bila kulindwa haijafikia "cherish". Kama ni kumbukumbu, "kuienzi" au "kuiweka moyoni".

Kwa matumaini na ndoto, wengi hukwama. "She cherished the hope that her son would come back" ikitafsiriwa "alithamini tumaini" inakuwa ngumu kama jiwe mdomoni. Kiswahili kina "kulea". Alilea tumaini kwamba mwanawe angerudi. Mtu analilisha tumaini, analikuza, haliachi life, na hicho ndicho Kiingereza kinachosema. Uzuri wa "kulea" ni kwamba linakwenda na ubaya pia, kama "cherish" lenyewe. Waingereza husema mtu "cherishes a grudge", na mwanafunzi anayeamini neno hili ni la mapenzi tu anashangaa: mtu anawezaje kupenda kinyongo? Hakipendi. Anakilea. Anakitunza kisipoe, kila wiki anakipa chakula kidogo, anakumbuka maneno aliyoambiwa na siku aliyoambiwa. Vivyo hivyo "cherish an illusion", kulea wazo ambalo ukweli umeshalikataa. Mahali hapa "kupenda sana" inavunjika kabisa, na mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba kiini cha neno ni kushikilia na kutunza.

Iringa tuna mfano ambao hauna haja ya kutungwa. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua Julai 1898 asiangukie mikononi mwa Wajerumani, nao wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, katika ibara ya 246 uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kufanya kazi. Miezi sita ikapita, na miaka ikapita. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelirudisha kutoka Bremen, Ujerumani, mwaka 1954, na leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Sasa andika ubaoni: "The Hehe cherish the memory of Mkwawa." Weka "love" mahali pa "cherish" uone sentensi inavyolegea. Weka "value", inakuwa kama mtu wa makumbusho anajaza fomu ya bei. "Cherish" linabeba miaka 56 ya kusubiri bila kusahau. Na kwa Kiswahili hapa "kuenzi" limekaa sawasawa: Wahehe wanaenzi kumbukumbu ya Mkwawa. Fuvu lenyewe linatupa kauli ya kutendwa: "The skull is cherished by his people." Ukijaribu kusema fuvu linapendwa, ulimi unakataa.

Upande wa sarufi, makosa mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe, na ukijua yanakotoka unayarekebisha upesi.

Sisi tunasema "Asante, nathamini sana" na sentensi imekamilika. Kwa Kiingereza "Thank you, I cherish" ni sentensi iliyokatwa mguu. Kitenzi hiki lazima kifuatwe na kitu, tena mara moja, bila "for" wala "about" wala "with" katikati. Na hata ukiongeza "it", kama mtu amekupa lifti kutoka Uyole hadi mjini, "I cherish it" imezidi. Mwambie "I appreciate it."

Tena sisi tunasema "natamani kwenda Matema" na "napenda kwenda Matema", kitenzi juu ya kitenzi. Ndipo inapotoka "I cherish to go to Matema." Haiwezekani. Kama ni hamu ya kwenda, ni "I would love to go to Matema." Kama umeshakwenda na siku zile umezihifadhi moyoni, tafuta nomino: "I cherish the days we spent at Matema." Kosa la namna hiyo hiyo ni "I cherish that you came to my graduation." Geuza "that" iwe siku au tendo: "I cherish the day you came." Katika ile sentensi ya mama na mwanawe, "that" imeruhusiwa kwa sababu inalifafanua tumaini, haikukifuata kitenzi.

Kuna la "I am cherishing you." Hili linatokana na "-na-" yetu, ambayo inabeba hali ya sasa na kitendo kinachoendelea kwa pamoja: "nakuthamini" haisemi kama ni dakika hii au ni siku zote. "Cherish" ni hali inayodumu, kwa hiyo kwa mtu ni "I cherish you", basi. Utawasikia wenye lugha wakisema "We are cherishing every minute with the baby", na hapo wako sahihi kwa kuwa wanazungumzia kipindi kifupi kinachopita. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili asianzie huko.

La "sana" ni dogo lakini linaudhi: "I very cherish you." "Very" haisimami mbele ya kitenzi. Tumia "truly" au "deeply". Kwa kweli mara nyingi halihitaji kuongezewa chochote, neno lenyewe ni zito.

Kwa anayeanza, mahali salama kuliko pote ni "cherished" kama kivumishi. "A cherished memory." "Her most cherished possession." "A long-cherished dream", ambayo Kiswahili chake kizuri ni "ndoto ya siku nyingi". Ukikaa hapo ni vigumu kukosea. Uingereza wana hata "cherished number", namba ya gari ambayo mwenyewe ameinunua kwa kuipenda, pengine ina herufi za jina lake, na akibadilisha gari anahama nayo. Wenye bajaji hapa mjini wakielezwa hilo wanalielewa neno mara moja: gari linauzwa, namba haiuzwi.

Matamshi tuyapitie haraka. "Che" ya chenza, kisha "rish", silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza. Usiongeze irabu mwishoni ikawa "cherishi". Wale ambao lugha ya nyumbani haitenganishi r na l wajizoeze kwa "cherry" kwanza. "Cherishes" ina silabi tatu. "Cherished" imebaki na mbili na inaishia kwa sauti ya t, wala hakuna "edi" ya kutamka.

Nje ya darasa neno hili lina maisha mengine, na mwalimu wa Kiingereza mtaani ndiye anayeletewa karatasi zake. Bango la duka linaandikwa "To our cherished customers". Mwenye duka ametafsiri "wateja wetu wapendwa", na nia yake ni njema kabisa. Kiingereza cha biashara husema "valued customers", kwa sababu mteja na duka wanapimana faida, na hakuna aibu katika hilo. Kwenye barua ya kuomba kazi, "I cherish teamwork" ibadilishwe iwe "I value teamwork". Mwajiri anataka kujua unaona faida gani, hakuuliza unakilalia nini usiku.

Harusi zinataka uangalifu zaidi. Maneno "to love and to cherish" yamo katika kiapo cha kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza tangu mwaka 1549. Hapo mwanzo yalifuatwa na "till death us depart", na mwaka 1662 ikabadilishwa kuwa "till death us do part". Watu wanayakuta kwenye intaneti, wanayapenda, wanayapeleka steshenari yachapwe kwenye kadi, hata kama ndoa inafungwa kwenye kanisa ambalo kiapo chake hakina maneno hayo. Wakatoliki kwa Kiingereza mara nyingi husema "love" na "honour", ingawa katika baadhi ya nchi "cherish" nayo imo. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, Walutheri wamejaa Iringa na Njombe, na kila kanisa lina kitabu chake. Kabla ya kutafsiri kiapo, muulize mchungaji au padri kitabu kinasemaje, unakili kilivyo. Ubunifu wako uuweke kwenye upande wa kadi ulio wa kwenu.

Na huko kwenu, kama ni kuitafsiri "to cherish", tunaona "kumtunza" peke yake linaelemea upande mmoja. Mke akiambiwa "nitakutunza" anasikia nyumba, chakula, ada za watoto. Ukumbini, kutunza ni kwenda mbele kumpa mwimbaji hela. Yote hayo ni mema, lakini Kiingereza kwa riziki kina "provide for", na "cherish" ni jambo jingine: kumshika mtu kwa upole, kumwona kuwa hana mwenzake. Kwa hiyo tunaweka vitenzi viwili, "kumtunza na kumjali", au pale familia inapopenda lugha ya ndani zaidi, "kumtunza kama mboni ya jicho". Herufi zinaongezeka kidogo, kadi inazimudu.

Kwenye misiba hatupendi haraka, ingawa misiba yenyewe ina haraka. Fulana zinataka kuchapwa usiku, maziko ni kesho. Kwa Kiswahili, "Utathaminiwa milele" haifai, inamgeuza marehemu kuwa mali. "Tutakuenzi daima" ndiyo pahali pake hasa. Kama familia inataka Kiingereza, "Forever cherished" ni sahihi na inatosha. "We will cherish your memories" ina mtego: "your memories" ni kumbukumbu alizokuwa nazo yeye mwenyewe. Mnachokitunza ninyi ni "your memory", umoja, au "our memories of you". Tofauti ni ya herufi chache, na kwenye fulana 60 haiwezi kurekebishwa.

Jiwe la kaburi linadumu kuliko fulana, kwa hiyo hapo tunaomba karatasi kwanza. "Cherished" ina herufi tisa: c-h-e-r-i-s-h-e-d. Makosa yanayojirudia ni matatu: r mbili, s mwanzoni badala ya c, na h ya pili kuanguka, ikabaki "cherised". Hili la mwisho ndilo baya, kwa sababu jicho linaliruka. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi safi, kila herufi ndani ya kisanduku chake. Mtu wa kwanza asome kutoka kushoto, wa pili asome kutoka kulia akianza na d. Wa tatu awe mtoto wa darasa la kwanza au la pili, anyooshe kidole na kutaja herufi moja moja kwa sauti, kwa kuwa yeye bado anasoma herufi, hajaanza kukisia neno. Zikitimia tisa, mpelekeeni fundi karatasi hiyo hiyo, msimsomee kwa simu.